Kiharusi Hakingoji Kuche

Hapa Buyenzi mzee akipinda mdomo kwa ghafula, wengine husema amepigwa na upepo mbaya, wengine husema ni uzee tu. Watu wakibishana, saa za kumwokoa zinapita.

Ugonjwa huo ni kiharusi. Mshipa wa damu katika ubongo huziba au hupasuka, na sehemu isiyopata damu huanza kufa. Wataalamu wamekadiria ya kuwa mshipa mkubwa ukiziba, seli za ubongo kama 1,900,000 hufa kila dakika. Iko dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda, nayo kwa kawaida hutolewa kabla ya kupita saa 4 na nusu. Lakini kwanza kichwa hupigwa picha, maana mshipa ukiwa umepasuka dawa hiyo yaweza kuua. Ndiyo sababu haifai kumpa mgonjwa hata aspirini nyumbani.

Usiku mmoja, baada ya sala ya isha, kikombe kilimponyoka babu yangu. Bibi akamwambia, "Mzee, hebu cheka." Upande mmoja wa mdomo haukucheka. Akamwambia ainue mikono. Wa kuume ukashuka. Maneno yake yalikuwa kama ya mlevi. Jirani akaleta chai, bibi akaikataa, kwa kuwa koo lililolegea hupalia. Baba mdogo akasema, "Mama, tungoje kuche, tumwite mwalimu amsomee dua." Bibi akajibu, "Dua tutaisoma njiani, mwanangu." Tukamlaza ubavu katika teksi, nami nikaandika saa yalipoanza mambo hayo. Kumbe hilo ndilo swali la kwanza la daktari. Leo babu anatembea kwa mkongojo. Mkono wa kuume bado ni mzito, lakini anatuita sote kwa majina.

Ndugu zangu, dalili hizo zikitoweka baada ya dakika chache, mpelekeni vile vile, kwani huenda kikubwa kinafuata. Mzee akishikwa na kifafa, msimtie kijiko mdomoni. Akipotewa na akili ghafula, huenda ni malaria au upungufu wa sukari. Hayo nayo ni ya hospitali. Tena wapelekeni wazee wakapimwe presha wangali wazima.

Nanyi mliokwisha kumaliza shule, mlio na magari, mlango ukigongwa usiku, fungueni.