Lingon, Tunda Jekundu la Misitu ya Uswidi

Msafiri apandaye treni katika mji wa Stockholm na kuelekea kaskazini ya Uswidi hupita kwa saa nyingi katikati ya msitu. Misonobari imesimama pande zote mbili, na hapa na pale huonekana ziwa, au nyumba ya mbao iliyopakwa rangi nyekundu. Ikiwa ni mwezi wa Septemba, ataona watu, wazee kwa vijana, wameinama chini ya miti kama wapaliliao shamba. Lakini hapo hapana shamba wala hapana aliyepanda. Watu hao wanachuma lingon.

Lingon ni mmea mdogo, ambao kimo chake kwa kawaida ni sentimita 10 hadi 30 tu. Majani yake ni magumu na yanang'aa, wala hayapukutiki wakati wa baridi. Maua yake ni meupe yenye wekundu kidogo, mfano wa kengele ndogo, na matunda yake ni mekundu, makali kwa ladha, ukubwa wake kama punje ya njegere. Mmea huu huridhika na udongo mkavu usio na rutuba. Mashina yake hutambaa chini kwa chini na kuchipua mahali pengine. Theluji iangukapo huufunika kama blanketi, na upepo mkali wa baridi haupati njia ya kuufikia. Nao una ndugu hata katika Afrika, kwani juu katika milima ya Ruwenzori humea mti wa ukoo huo huo.

Majina yake ni mengi, na kila jina huonyesha jicho la watu waliolitoa. Waswidi husema lingon, Wafini husema puolukka, na Warusi husema brusnika. Katika kisiwa cha Newfoundland, huko Kanada, watu huliita tunda la kwale, na Waingereza wengine huliita tunda la ng'ombe. Mtaalamu Carl Linnaeus, aliyekuwa Mswidi, alisafiri katika nchi ya Wasami mwaka wa 1732. Mwaka wa 1753 aliuandika mmea huu katika kitabu chake kwa jina la Kilatini ambalo maana yake ni mzabibu wa mlima Ida, ijapokuwa si mzabibu. Jina hilo ndilo litumiwalo na wataalamu wa mimea hata leo.

Faida yake kubwa ni kwamba tunda hili halioharibiki upesi. Ndani yake mna asidi ya benzoiki, ambayo huzuia uozo. Kwa hiyo zamani, sukari ilipokuwa ghali, mama wa nyumbani alijaza matunda katika mtungi, akamimina maji safi juu yake, akayaweka mahali pa baridi. Akiba hiyo ilidumu wakati wote wa baridi. Siku hizi wengi huyakoroga mabichi pamoja na sukari, bila kuyapika. Huliwa pamoja na chapati za maji, na nyama ya kusaga iliyoviringwa mfano wa kababu, au na nyama ya wale wanyama wenye pembe kama matawi ambao Wasami huwafuga. Majani yake yalitumiwa kuwa dawa ya maradhi ya njia ya mkojo. Tena tarehe 13 Desemba, katika sikukuu ya Lucia, msichana huvaa taji la mishumaa, na kwa desturi taji hilo husukwa kwa vijiti vya lingon, kwa kuwa majani yake yangali mabichi wakati huo wa giza na theluji.

Ni nani mwenye matunda hayo? Katika Uswidi iko desturi ya kale iitwayo haki ya kila mtu, nayo iliandikwa katika katiba mwaka wa 1994. Kwa haki hiyo mwenyeji na mgeni pia aweza kuingia katika msitu, hata ukiwa mali ya mtu mwingine, na kuchuma matunda ya mwituni. Hana ruhusa ya kukata miti, kuharibu mazao, wala kuingia katika ua wa nyumba ya mtu.

Lakini haki ya kuchuma ni jambo moja, na faida ya kuuza ni jambo jingine. Katika karne hii maelfu ya watu kutoka Thailand wamekuwa wakisafiri kwenda Uswidi na Finland kuchuma matunda ya msituni. Wengi wao ni wakulima, nao hukopa fedha za nauli. Huamka alfajiri, hubeba vyombo vyenye meno kama kichana, na kwa kawaida wamelipwa kwa uzito wa walichochuma. Mwaka wa 2009 matunda yalikuwa haba katika Uswidi, na wengine walirudi kwao na deni badala ya akiba. Baadaye kanuni za kuwalinda zilikazwa, lakini mahakama za nchi zote mbili zimesikiliza kesi za wachumaji waliotendewa vibaya.

Waswahili husema kwamba mchumia juani hulia kivulini. Mwenyeji wa Uswidi afunguapo mtungi wake wa lingon katikati ya baridi huona ukweli wa methali hiyo. Iliyobaki ni haki kwamba yule aliyetoka mbali kuchuma, naye apate kivuli chake.