Siku Besi Yetu Ilipoimeza Injili



Hapa seminarini tupo watatu tunaopiga gitaa la besi, na chombo ni kimoja. Tulikirithi kutoka kwa mafrateri waliotutangulia, ambao sasa ni mapadre. Rangi yake imebanduka pale kidole gumba kinapoegemea, na tundu la kuchomekea waya lililegea zamani, hivyo tumelizungushia utepe mweusi. Ukitukuta wakati wa mapumziko, baada ya chakula cha usiku, utatusikia tukibishana kuhusu nyuzi, amplifaya, vidole na shughuli tulizopiga likizo. Wenzetu hutucheka na kusema sinodi ya besi imeanza tena.

Leo tumeamua kuandika habari ya siku ambayo sisi wapiga besi tulikosea. Tunajua kwamba miongoni mwa wanaosoma jarida hili wamo wapiga vyombo wa kwaya za parokiani, na kosa letu ni la aina ambayo mtu anaweza kulifanya Jumapili yoyote akiwa na nia njema kabisa.

Kwanza tukieleze chombo chenyewe. Gitaa la besi la umeme bado ni kijana. Mwaka 1951, huko Marekani, Leo Fender alianza kuuza gitaa aliloliita Precision Bass. Kabla ya hapo aliyetaka sauti nzito alibeba besi kubwa la kusimama, lenye kimo cha mtu mzima. Gitaa la Fender lilibebwa begani, na freti zake zilimsaidia mpigaji kuipata sauti sahihi bila kubahatisha. Lina nyuzi nne: Mi, La, Re na Sol, oktava moja chini ya zile nyuzi nne nene za gitaa la kawaida. Uzi wake mnene kuliko zote hutetemeka mara 41 hivi kwa sekunde. Msomaji aishike namba hiyo, maana tutairudia.

Nyuzi za besi ni ghali kwa mfuko wa frateri. Zikishazeeka hujaa jasho na uchafu, sauti ikafifia kama ya mtu mwenye mafua. Dawa yetu ni ya zamani na wapiga besi wengi wanaijua: tunazifungua, tunazichemsha kwenye sufuria kama dakika kumi, tunazifuta na kuzikausha vizuri, kisha tunazirudisha. Kwa wiki chache zinalia kama mpya. Mama anayesimamia jiko letu alipotukuta mara ya kwanza aliuliza, "Mafrateri, chakula hakiwatoshi mpaka mle nyaya?" Tangu siku hiyo tuna sufuria yetu wenyewe, na ole wake atakayeipikia uji.

Kuhusu kupiga, tulijifunza kwa kusikiliza kuliko kwa kusoma. Kwaya zetu zinaimba kwa nota za sol-fa, na mpiga besi asiye na mwalimu anao mwalimu pale pale kwenye karatasi: mstari wa sauti ya nne. Fuata wanachoimba akina kaka wa besi, weka mguu wa wimbo pale unapodunda, na umekwisha kufanya nusu ya kazi. Nusu nyingine ni mikono. Mkono wa kulia, kidole cha shahada na cha kati vinapokezana kama miguu ya mtu anayetembea. Mkono wa kushoto una kazi mbili, kubonyeza na kunyamazisha. Hiyo ya pili ndiyo ngumu. Uzi wa besi ukiuacha unaendelea kuvuma wenyewe, na mvumo huo unaingia katika neno linalofuata la waimbaji. Mmoja wetu alihitaji mwaka mzima kujifunza kulaza kidole juu ya uzi ili unyamaze kwa wakati wake.

Tatizo letu lilianzia likizo. Tukiwa nyumbani, ndugu na majirani hutualika kupiga kwenye shughuli zao: harusi, ubatizo wa watoto, jubilei, sherehe ya padre mpya. Kanisani tunapiga na kwaya, halafu jioni tunapiga ukumbini. Ukumbini mambo ni tofauti. Sebene likiingia, besi ndiyo inayowainua watu vitini. Mshereheshaji anapaza sauti, "Ongeza besi!" na wewe unaongeza, mpaka glasi zinatetemeka mezani. Hatusemi ni dhambi. Furaha ya harusi ni furaha ya kweli, na Bwana mwenyewe alikwenda Kana. Ila mkono uliozoea kuongeza husahau kupunguza. Tulirudi seminarini tukiwa na bahasha ndogo za ahsante, ambazo tuliziweka pamoja kwa ajili ya kununua amplifaya ya besi, na tukiwa na mikono ya ukumbini.

Siku yenyewe ilikuwa ya kipaimara, katika parokia ambayo kwaya yetu ilialikwa kusaidiana na kwaya ya wenyeji. Kanisa lilijaa mapema. Waliokosa nafasi waliketi nje chini ya maturubai, na kwa ajili yao spika mbili zilikuwa zimefungwa ukutani kwa nje. Ndani zilikuwapo nyingine mbili. Zote nne zilikuwa spika ndogo za kusemea, zinazofaa kwa masomo, mahubiri na matangazo.

Tulikuwa tumeahidiwa kuazimwa amplifaya kubwa. Gari lililoibeba lilichelewa, na maandamano yalikuwa yameshajipanga mlangoni. Tukatazamana. Kwenye miksa ya parokia palikuwa na tundu moja wazi, kando ya tundu la kipaza sauti cha mimbari. Tukachomeka besi pale.

Hapo ndipo inapokuja ile namba 41. Spika hutoa sauti kwa karatasi yake kwenda mbele na kurudi nyuma. Sauti nyembamba huitikisa kidogo tu. Sauti nzito inailazimisha kusafiri mbali, mara chache kwa sekunde lakini kwa nguvu, na spika ndogo haikutengenezwa kwa safari hiyo. Ndiyo maana spika za besi ni pana na sanduku lake ni kubwa. Tulilijua jambo hilo. Ni kati ya mambo tuliyokuwa tukiyabishania usiku.

Wimbo wa mwanzo ulikwenda vizuri, au tulidhani hivyo. Wakati wa Utukufu mzee mmoja wa kanisa alitokea mlango wa pembeni akawa anatupungia mkono kwa nguvu, kiganja juu na chini. Mmoja wetu akasema, "Nje hawasikii." Tukaongeza. Kumbe mzee alikuwa akituomba tupunguze, maana spika za nje zilikuwa zimekwisha kupasuka na zilikuwa zikikwaruza kama nyuki waliofungiwa ndani ya debe. Za ndani zilifuata wakati wa Shangilio. Shemasi alipofungua kitabu na kuanza kusoma Injili, yaliyotoka ukutani hayakuwa maneno.

Kipaza sauti kikazimwa. Shemasi alisoma kwa sauti yake ya kawaida. Baba Askofu alishuka kutoka altareni, akasimama katikati ya kanisa na kuhubiri kwa nguvu zote za kifua chake. Waliokuwa ndani walisikia. Waliokuwa nje walibaki wanatazama mlango. Sisi tulichomoa waya, na besi ililala sakafuni hadi mwisho wa Misa.

Baada ya baraka tulitoka kuomba radhi. Bibi mmoja aliyekuwa bado ameketi chini ya turubai alitushika mkono. Hakuwa na hasira, na afadhali angekuwa nayo. "Frateri, mwanangu," alimwambia mmoja wetu, "nimetoka nyumbani kabla jua halijachomoza, nimekuja kwa ajili ya mjukuu wangu. Askofu nimemwona midomo tu. Alisema nini?"

Mwenzetu alijaribu kumweleza. Alianza na Injili, akafika kwenye mahubiri, akakwama. Tulipotazamana tuligundua kwamba hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa amesikiliza. Tulikuwa ndani, hatua chache kutoka kwa Askofu, tukiwaza spika. Tulimwita mjukuu mwenyewe, msichana mwenye gauni jeupe, na yeye ndiye aliyemsimulia bibi yake mahubiri yote, akisimama kila mara kukumbuka. Sisi tulisimama pembeni tukisikiliza kwa mara ya kwanza.

Jumatatu tulikwenda maktaba. Tulitaka kujua Kanisa linasema nini hasa, maana wapo wanaosema gitaa halina nafasi katika Liturujia na wapo wanaosema lolote linaruhusiwa. Mwaka 1903 Papa Pius X alikataza piano kanisani pamoja na vyombo vya kelele, zikiwamo ngoma. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika Konstitusio ya Liturujia ya mwaka 1963, uliipa kinanda cha filimbi heshima ya pekee, lakini ukafungua mlango kwa vyombo vingine kwa idhini ya mamlaka ya Kanisa ya mahali husika, mradi vifae kwa matumizi matakatifu, viendane na hadhi ya hekalu na viwajenge waamini. Halafu tukafika kwenye hati Musicam Sacram ya mwaka 1967, namba 64. Inasema kwamba vyombo vinaweza kusindikiza uimbaji na kuutegemeza, lakini sauti yake isizifunike sauti za waimbaji kiasi cha maneno kutosikika vema. Na kwamba vinyamaze wakati padre au mhudumu anapotamka kwa sauti maneno yaliyo ya wajibu wake.

Tuliisoma mara mbili. Tulikuwa tumeogopa kukuta kwamba chombo chetu ndicho kosa. Tulikuta kipimo, na kipimo hicho ni neno: je, linasikika? Siku ya kipaimara tulikuwa tumenyamaza kwa wakati wake, wala hatukupiga hata noti moja Injili ilipokuwa ikisomwa. Hata hivyo tulikuwa tumeizima kabla haijaanza.

Swali la fidia lilituchukua muda zaidi. Akiba yetu ya amplifaya ilikuwa imefika zaidi ya nusu. Mmoja wetu alisema kwamba kila mmoja anajua spika zile zilikuwa kuukuu, na kwamba aliyetuahidi amplifaya ndiye aliyechelewa. Hoja yake haikuwa ya uongo. Tulibishana siku tatu, na hazikuwa siku nzuri. Hatimaye ni yeye aliyesema, "Lakini mkono uliochomeka ulikuwa wetu." Tulikwenda kwa Baba Gambera tukamweleza yote. Alitusikiliza, akauliza swali moja tu: "Parokia ile inasikiaje Injili Jumapili hii?" Hatukuwa tumefikiria hilo. Jumapili mbili zilikuwa zimeshapita.

Akiba ilitosha spika tatu. Ya nne waamini waliichangia kupitia Jumuiya zao Ndogo Ndogo, bila kutulaumu. Tulikwenda kuzifunga wenyewe siku ya Jumamosi, mmoja akiwa juu ya ngazi, mmoja ameishika, na wa tatu kwenye miksa. Zilipokuwa tayari, Katekista alitaka tuzijaribu. Zamani tungechomeka gitaa. Safari hii mmoja wetu alikwenda mimbarini akasoma Injili ya Jumapili iliyofuata, taratibu, na sisi wawili tukatoka nje tukasimama pale palipokuwa na turubai. Tulisikia kila neno.

Tangu hapo tumejiwekea kanuni chache, na tunaziacha hapa kwa yeyote atakayezihitaji. Usichomeke besi kwenye spika za kusemea, hata kama maandamano yamefika mlangoni. Kama hakuna amplifaya ya besi, Misa itaimbwa vizuri bila besi. Kabla ya Misa, mtu mmoja wa kwaya atoke nje, aende mpaka kiti cha mwisho, arudi kusema kama maneno yanaeleweka. Kubalianeni ishara za mikono na wazee wa kanisa. Katika wimbo wa katikati, mpe mwimbaji wa zaburi noti moja ndefu na nyepesi mwanzoni mwa kila mstari, au usimpe kitu. Wakati wa Kwaresima, vyombo vinaposindikiza uimbaji tu, usiyajaze mapengo kati ya beti. Na mahubiri yakianza, ondoa mikono kwenye nyuzi, usianze kusawazisha wala kukagua waya. Sikiliza. Huenda kuna mtu nje atakayekuuliza.

Amplifaya bado hatuna. Akiba imeanza tena, na wiki iliyopita tulichemsha nyuzi zile zile kwa mara ya nne. Mama wa jikoni alipita, akachungulia sufuria, akauliza kama zimeiva. Tulimwambia bado kidogo.