Bumu Langu Liliishia Kwenye Kabureta

Wenzangu bumu likiingia hununua simu. Mimi muhula uliopita nilinunua kabureta mbili za Weber zilizotumika, nikala ugali maharage wiki sita mfululizo. Ugali siujutii. Ninachokijutia ni kingine, nitakifikia.

Mjomba wangu ana gereji Unga Limited, Arusha. Nyuma ya gereji, chini ya turubai, kuna Datsun 1600 SSS, aina ile ile iliyoshinda Safari Rally mwaka 1970 Edgar Herrmann akiwa kwenye usukani. Wamarekani wana kanuni yao ya magari ya nguvu: mwaka 1964 Pontiac walichukua gari la ukubwa wa kati, wakalitia injini ya V8 ya lita 6.4, wakaliita GTO. Nguvu farasi 325! Video zake nimeziangalia hosteli mpaka bando likakata. Injini yetu ni lita 1.6 tu, ila GTO ina uzito wa zaidi ya tani moja na nusu, na Datsun ni tani moja hivi. Wembamba nao ni nguvu, mjomba anasema.

Likizo nzima tulikuwa chini ya lile turubai. Silinda hedi ilipelekwa kusawazishwa, valvu nikazisaga kwa mkono mpaka vidole vikatoka malengelenge. Lakini utamu wenyewe ulikuwa kwenye kabureta. Kila Weber ina makoo mawili, kwa hiyo silinda nne, makoo manne, hakuna anayemnyang'anya mwenzake hewa. Shida ni kuyalinganisha. Mjomba hana kipimo. Anachukua kipande cha mpira wa maji, ncha moja sikioni, nyingine kwenye koo la kabureta, anasikiliza inavyovuta hewa. Anazungusha skrubu robo, anahamia koo linalofuata, anarudi. Karibu saa mbili hivyo! Nilipopewa mpira nisikilize, mwanzoni nilisikia kelele tu. Baadaye nikasikia koo la tatu linapumua kwa pupa kuliko mengine. Yaani nilifurahi kuliko siku ya matokeo ya kidato cha sita.

Sasa, kabla sijatoka Dar mjomba alinipigia. "Mjomba, pitia Kariakoo, uchukue mafuta ya breki na mipira yake. Yaliyomo ni ya zamani." Hela ilikuwa imeshaishia kwenye Weber. Nilipofika akaniuliza kama nimebadilisha, nikamwambia tayari. Hakukagua. "Mwalimu hadanganyi," akasema, akaendelea na kazi ya mteja.

Jumapili alfajiri tukapanda barabara ya Namanga mpaka Oldonyo Sambu. Wakati wa kurudi akanipa usukani. Zile kabureta zikishavuka mizunguko elfu nne sauti inabadilika kabisa, unaisikia kifuani. Nikafika 120. Si mahali pa mwendo huo, najua. Kona mbili za kwanza breki zilishika. Ya tatu pedali ikashuka mpaka sakafuni kama nimekanyaga sponji.

Mbele ng'ombe walikuwa wanavuka, nyuma yao mtoto wa miaka minane au tisa na fimbo yake.

Mimi ndiye ninayesomea kufundisha fizikia. Mwendo ukiongezeka mara mbili, nishati ambayo breki zinapaswa kuigeuza joto inaongezeka mara nne. Mafuta ya breki yakikaa miaka hunyonya maji, na maji yakichemka yanakuwa mvuke, na mvuke unabonyea. Hayo nimeyajibia mtihani. Mjomba ndiye aliyepiga kelele "Gia! Shusha gia!" huku anavuta handbreki. Nikashusha ya tatu, ya pili, injini ikalia, nikalielekeza gari kwenye mtaro. Tulisimama limeinama upande. Mtoto alitutazama, akawafuata ng'ombe wake.

Mjomba alifungua boneti, akachovya kidole kwenye kikopo cha mafuta ya breki. Kikatoka cheusi kama kahawa. Akanionyesha. Hakusema neno mpaka mjini, na twende polepole kwa gia ya pili ni safari ndefu sana kukaa kimya.

Kesho yake nilizifungua Weber mwenyewe, nikazipeleka kwa fundi mmoja aliyekuwa anazitamani. Hela ilitosha mafuta, mipira, na pedi mpya za mbele. Tulianza na gurudumu la nyuma kushoto, lililo mbali zaidi. Mimi chini ya gari na spana, mjomba kwenye kiti cha dereva.

"Nakanyaga," anasema.

Nafungua. Mapovu yanatoka kwenye mpira mwembamba, yanaingia kwenye chupa.

"Umefunga?"

"Nimefunga."

Akashuka garini, akapiga magoti, akashika spana yangu kuhakikisha. Tukaenda gurudumu la pili.