Ikishaingia Humo, Si Yako

Jumamosi iliyopita nilifukuzwa jalalani. Mimi, mtu mzima, mwenye leseni ya udereva na bima tatu, niliamriwa nirudishe spika niliyookota kama mtoto aliyekutwa juu ya mwembe wa jirani.

Jalala lenyewe, kusema kweli, si jalala. Wajerumani hapa wanaliita Wertstoffhof, uwanja wa vitu vyenye thamani. Unaonyesha kitambulisho kwamba wewe ni mkazi, kizuizi kinainuka, na mbele yako makontena yamejipanga kama mabehewa stesheni: mbao huku, vyuma kule, friji pembeni, televisheni kwenye kizimba chake. Chini kumefagiliwa. Mzee mwenye sare ya chungwa anakutazama mikono, si uso.

Nilipeleka maikrowevu iliyokufa. Juu ya lundo nikaona spika mbili za mbao, kubwa, za enzi za kaseti. Mkono ukaenda wenyewe. "Ikishaingia humo, si yako," mzee akasema. Nikamweleza kwamba spika yenyewe siitaki, nataka sumaku iliyomo tu. Akaniangalia kana kwamba nimemwomba figo.

Na sheria iko upande wake. Huku taka ina mwenyewe. Mwaka 2020 Mahakama ya Katiba ya Ujerumani ilikataa malalamiko ya wanafunzi wawili waliotiwa hatiani kwa kuchukua chakula kwenye pipa la supamaketi. Kama mkate uliotupwa una mwenyewe, sumaku je?

Kwetu Itigi, Tanzania, sumaku haikuwahi kuwa taka. Redio ikifa ilikaa kwanza juu ya kabati mwaka mzima ikisubiri muujiza, kisha ikapelekwa kwa baba mdogo, fundi, kibandani kwake si mbali na stesheni. Aliichinja kama mbuzi, hakuna kilichopotea. Sumaku ya spika, ule mduara mweusi, hakuipiga nyundo, kwa sababu inapasuka kama chungu. Aliichemsha kwenye sufuria kuukuu mpaka gundi ikalegea, akaibandua taratibu kwa bisibisi.

Mbili za kwanza zilikwenda mashineni. Mnaijua mashine ya kusaga: nyundo zake na chekeche lake ni chuma, vinalika siku hadi siku, na kinacholika kinaingia kwenye unga. Baba mdogo alifunga sumaku moja pale mahindi yanapomiminwa, ikamate misumari, na nyingine pale unga unapotokea. Jioni akiipangusa, kitambaa kinaota ndevu nyeusi. Mama alipoziona ndevu zile, hakusaga tena kwingine. Ya tatu alipewa fundi baiskeli, ambaye gololi zikimwagika mchangani hakuhangaika kupepeta. Iliyovunjika ilikuwa yetu watoto. Tuliiburuta kwenye mchanga wa njia ya stesheni, tukakusanya unga mweusi, tukaumwaga juu ya karatasi ya daftari na kupitisha sumaku chini yake. Unga unasimama kama nywele za mtu aliyeona chui.

Mara moja tu iliniletea balaa. Nililaza sumaku juu ya saa ya babu, mstaafu wa reli. Kumbe utepe mwembamba ulio ndani ya saa ukipata sumaku, mikunjo yake hushikana na saa huanza kukimbia. Wiki nzima babu alifika stesheni kabla ya wakati, akisubiri treni ambayo hata hivyo ilichelewa.

Najua mtaniambia huko huko kwetu kebo zinachomwa moto kutafuta shaba, na wa vyuma chakavu hawakuziacha hata boliti za reli. Sibishi. Lakini turudi kwenye kontena langu.

Sumaku kali kabisa za leo, zile za ndani ya diski za kompyuta, zina madini ya neodimiamu. Zilivumbuliwa mwanzoni mwa miaka ya 1980, Japani na Marekani kwa wakati mmoja. Kwenye mashine ya kusagia taka, sumaku hizo hung'ang'ania vipande vya chuma, huyeyushwa navyo, na neodimiamu huishia kwenye mabaki ya tanuru. Ripoti ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2011 ilisema madini ya kundi la neodimiamu yanayorejeshwa hayafiki asilimia 1. Sasa neodimiamu nyingine itachimbwa wapi? Ngualla, mkoani Songwe, huko kusini ambako barabara ya kutoka Itigi kupitia Rungwa inaelekea. Leseni maalumu ya kuchimba ilitolewa 2023. Yaani mlima wetu uchimbwe kwa sababu mzee wa sare ya chungwa amenikataza kutumia bisibisi!

Jumapili nikampigia baba mdogo. Nikaungama pia kwamba nilichemsha sumaku ya diski kwa njia yake, ikatoka imelegea, maana neodimiamu ya kawaida huanza kupoteza nguvu ikipita nyuzi joto 80. Alicheka sana. Kisha akauliza, "Sasa huyo mzee, hizo sumaku anazifanyia nini?" Nikajibu kwamba hazifanyii chochote, anazilinda tu. Simu ikawa kimya mpaka nikadhani salio limeisha.

Kwa hiyo, ndugu yangu uliye ughaibuni, redio au kompyuta ikifa, ifungue jikoni kwako kwanza. Maikrowevu usiiguse, kapasita yake hubaki na umeme wa kuua hata waya ukishachomolewa. Sumaku ndogo ziwe mbali na watoto: wakimeza mbili, hukutana tumboni na kutoboa utumbo. Lakini sumaku ya spika itoe, ihifadhi, ingali yako.