Asiyejibu Bado Yupo

Sisi wa Masisi na Walikale, mashariki mwa Congo, tuliokuwa watu wazima tayari siku za Zaire, tulizungumza na walio mbali kabla simu haijaingia mfukoni mwa mtu. Tulikuwa na foni, yaani redio ya kuzungumzia. Ilikaa parokiani au hospitalini, ikitumia umeme wa betri ya gari, na mawimbi yake yalipanda angani yakashuka ng'ambo ya milima na katikati ya msitu, mahali ambapo mawimbi ya mnara wa simu hayafiki. Mchana tulipanda masafa ya juu; giza likiingia, tulishuka ya chini. Barabara ya Sake ilipogeuka tope, orodha za dawa, habari za misiba na salamu za ndoa zilipita hewani. Kazi hiyo ilikuwa na adabu yake: kituo kisipojibu hakikufutwa daftarini. Kiliitwa jioni, kikaitwa tena kesho, kwa maana betri huisha, waya wa antena huanguka, na watu hukimbia vita kisha wakarudi makwao.

Ninyi vijana wetu mmekulia wakati mwingine. Celtel ilifika Congo mwaka 2000 na Vodacom mwaka 2002, na simu ikaleta mambo ambayo foni isingeyaweza; hatuna kinyongo nayo. Ila maendeleo hufika kwa hatua zisizolingana, na sehemu zilizoachwa nyuma hulipa gharama kubwa. Kati ya tarehe 30 Julai na 2 Agosti 2010, wenye silaha waliingia Luvungi na vijiji jirani huko Walikale, wakanajisi mamia ya watu, wengi wao wanawake. Walinda amani wa Umoja wa Mataifa walikuwa na kambi Kibua, kwenye barabara inayopita vijiji hivyo, lakini Luvungi hapakuwa na mtandao wa simu, na habari zikachelewa kutoka. Tangu hapo kizazi chetu hakikubali tena kwamba penye kimya pana amani.

Siku hizi maamuzi ya nani ahesabiwe yupo na nani aachwe nyuma hufanywa pia na watu tusiowaona, waandishi wa mifumo endeshi ya kompyuta. Kila kadi ya mtandao inahitaji draiva, yaani programu inayouwezesha mfumo kuelewana na kadi hiyo. Waandishi wa FreeBSD, mmoja wa mifumo hiyo, waliamua kupunguza draiva za kadi za zamani, zile za megabiti 10 na 100 kwa sekunde, na kwanza wakawauliza watumiaji nani bado anazihitaji. Draiva ya Realtek 8139 ilibaki; nyingine nyingi ziliondolewa katika toleo la 13, mwaka 2021. Linux, mfumo mwingine, nayo iliacha prosesa ya Intel 386 mwaka 2012, miaka 27 baada ya prosesa hiyo kutolewa. Sababu zao tunaziheshimu. Mfumo ukibadilika, lazima mtu airekebishe kila draiva, hata ile ambayo hana kadi yake mkononi ya kuijaribia. Na programu isiyotazamwa na mtu huficha kasoro ambazo wezi wa mtandao huzitafuta.

Kuuliza kabla ya kuondoa ni uungwana, na tunawashukuru. Lakini swali linalopitia intaneti huwafikia kwanza wenye intaneti nzuri, na anayetegemea kompyuta iliyochoka Ulaya ikaletwa kwetu ndiye wa mwisho kulisikia, pengine hata baada ya uamuzi. Asipojibu, asihesabiwe kuwa hayupo. Aongezewe muda, atafutwe kwa njia nyingine. Nasi tusidai kitu kitunzwe kwa jasho la wengine. Ninyi mnaosomea kompyuta Goma, mkirudi likizo pitieni zahanati na shule za kwenu, mwandike kadi zilizomo ndani ya mashine, mjaribu matoleo mapya, mpeleke taarifa kwa waandishi kwa jina la mahali mlipo. Kizazi chetu kilibeba betri mgongoni kupanda milima ili kituo kisizimike. Kazi yenu ni nyepesi kwa mabega, ila inadai uvumilivu uleule. Na kadi ambayo, baada ya hayo yote, hakuna hata mtu mmoja aliyejitolea kuijaribu, draiva yake iondolewe. Hapo sisi wazee hatutalalamika.