Meno ya Paka, Meno ya Mbwa, Meno ya Mtoto

Ni jioni katika nyumba moja ya Kivu. Watatu wako karibu na moto: paka, mbwa na mtoto. Paka amelala juu ya gunia la mahindi. Mbwa amelala mlangoni. Mtoto ameshika kipande cha muwa. Anakitafuna kwa upande wa kuume tu. Wote watatu wana meno, macho, masikio, pua na ulimi. Lakini Muumba hakuwapa vipawa sawasawa, kwa maana hakuwapa kazi moja.

Kwanza meno. Paka mzima ana meno 30. Ya mbele ni 12, madogo kama punje za mtama. Chonge zake ni 4, ndefu na kali. Ndizo zinazoua panya. Magego yake hayasagi. Ya juu na ya chini hupitana kama makasi na kukata nyama. Taya lake hupanda na kushuka tu, haliendi upande. Kwa hiyo paka hukata vipande na kuvimeza.

Mbwa mzima ana meno 42. Ya mbele ni 12, chonge ni 4, na ya nyuma ni 26. Baadhi ya hayo ya nyuma hukata kama makasi. Ya mwisho ni mapana, nayo husaga. Ndiyo sababu mbwa hula nyama, na bugali iliyobaki haimshindi.

Mtu mzima ana meno 32: ya mbele 8 ya kukata, chonge 4 fupi, na 20 ya nyuma ya kusaga. Taya lake huenda huku na huku kama jiwe la kusagia. Meno hayo yanafaa kwa nyama, kwa maharagwe, kwa muhogo na kwa matunda.

Sasa milango ya maarifa. Sauti ni mtikisiko wa hewa. Sikio la mtu husikia mitikisiko hata kufika 20,000 kwa sekunde moja. Sikio la mbwa hufika karibu 45,000, na la paka karibu 64,000. Panya akilia kwa sauti nyembamba sana, mtoto hasikii kitu, lakini paka amekwisha kugeuza masikio.

Nyuma ya jicho la paka mna ngozi inayong'aa kama kioo. Hiyo hurudisha mwangaza ndani ya jicho, hata paka aone vema katika giza la jioni. Lakini kwa rangi mtu anawashinda. Mbwa huona buluu na manjano, ila hawezi kupambanua vema nyekundu na kijani. Mtoto hujua embe lililoiva kwa kulitazama tu.

Kwa pua, mbwa ni mfalme. Hufuata harufu ya mtu aliyekwisha kupita, hata kama nyayo zake hazionekani. Katika hifadhi ya Virunga, iliyoanzishwa mwaka 1925, walinzi walianza mwaka 2011 kufundisha mbwa kufuata harufu ya majangili. Pua ni ya mbwa, shauri ni la mtu. Basi mtu asilalamike kwamba pua yake ni dhaifu. Amepewa akili, na kwa akili anaweza kutumia hata pua ya mwenziwe.

Umebaki ulimi. Paka haonji utamu wa sukari. Ukimpa kipande cha muwa, atakinusa na kukiacha. Mtoto huuonja utamu, naye huupenda mno. Kipawa hicho ni chema, lakini kina hatari yake. Mabaki ya sukari yakikaa kwenye meno, vijidudu vya kinywani huyala na kutoa ukali kama wa ndimu. Ukali huo hula jino polepole, mpaka limetoboka.

Ndivyo ilivyompata mtoto huyu wa karibu na moto. Kila siku alikula miwa, wala hakusafisha meno. Gego moja la upande wa kushoto likatoboka. Siku tatu hakwenda shule, usiku hakulala. Baba yake akampeleka kwa mwuguzi wa misioni, na jino likang'olewa. Mtoto hakuhuzunika. Meno yake ya mbele yalikuwa yameng'oka, na mengine yameota. Akangoja. Kila asubuhi alitia kidole katika pengo, akatafuta jino jipya. Halikuja.

Hakujua jambo moja. Mtoto ana meno 20 ya utoto, nayo hung'oka yote, mengine yakaota mahali pake. Lakini karibu na umri wa miaka 6 huota magego 4 mapya nyuma ya yale ya utoto, bila jino lolote kung'oka kwanza. Wazazi wengi hudhani ni ya utoto. Sivyo! Hayo ni ya maisha yote. Likitoka moja, halioti jingine.

Paka na mbwa hawajui kujitunzia meno. Mtu anajua. Wazee walitafuna kijiti mpaka kikawa laini, wakasugua meno yao; siku hizi mswaki wa dukani unapatikana pia. Mtoto mwenye akili husugua meno asubuhi na jioni, na akila muwa husukutua kwa maji. Akiona tundu dogo, humwambia mama yake mara moja, hangoji maumivu. Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Na ukuta wa meno ukibomoka, hakuna fundi awezaye kuuotesha tena.

Maulizo
1. Paka ana meno mangapi? Mbwa je? Mtu mzima je?
2. Kwa nini paka hajali muwa?
3. Mtu anamshinda mbwa kwa kitu gani?
4. Kwa nini mtoto alitafuna kwa upande mmoja tu?