Dalali, Kikundi na Simu: Kumbukumbu za Madeni ya Dar es Salaam

Dalali wa mahakama ni mtu binafsi aliyeidhinishwa na Mahakama kutekeleza amri zake juu ya mali, naye kwa kawaida huingia nyumbani kwa mtu na kutoa vitu nje pale ambapo shauri la deni limekwisha kusikilizwa, hukumu imetolewa, na mdai, yaani aliyeshinda shauri, ameomba hukumu hiyo ikazwe kwa kuwa mdaiwa hakulipa kwa hiari. Hatua hiyo ya mwisho, ambayo wanasheria huiita kukaza hukumu, ndiyo iliyompa dalali sura aliyonayo katika kumbukumbu za wakazi wa Dar es Salaam wa miaka ya 1970 na 1980: mtu wa karatasi yenye muhuri, anayefika mchana pamoja na wapagazi wake na mara nyingine askari polisi. Linalofuatiliwa katika kurasa hizi ni jinsi mtu huyo alivyozidi kuwekewa masharti kadiri miaka ilivyopita, huku sehemu kubwa ya kazi yake ikihamia mikononi mwa watu wasio na karatasi wala muhuri.

Sheria iliyomtawala dalali ilitoka mbali. Tanganyika ya wakoloni ilitumia sheria ya India ya mwaka 1908 kuhusu uendeshaji wa mashauri ya madai, na hata Tanzania ilipotunga Sheria yake ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai mwaka 1966, mengi ya yale ya India yaliendelea kuishi ndani yake. Sheria hiyo ya India ilitaka amri ya kushikilia nyumba au shamba itangazwe mahali pale pale mali ilipo kwa mpigo wa ngoma au kwa njia nyingine ya mila, na nakala yake ibandikwe mahali panapoonekana, kwa sababu watunzi wake walijua kwamba jamaa, jirani na mtu mwingine yeyote mwenye haki katika mali ile huenda hajui kusoma, lakini ana masikio. Mawazo hayohayo yamo katika sheria ya Tanzania ya madalali wa minada, ambayo inadai kwamba ardhi isiuzwe kwa mnada kabla ya tangazo la siku zisizopungua 14, na kwamba tangazo hilo litolewe kwa Kiswahili pamoja na Kiingereza, tena kwa njia inayoeleweka na wasiojua kusoma. Ni rahisi leo kuyaona masharti hayo kuwa mabaki ya zamani, lakini yalikuwa na maana nzito: aliyetaka kuuza mali ya mwenzake alilazimika kwanza kusema hadharani anachokusudia kufanya, na kumpa mwenye mali muda wa kujitetea.

Uzito zaidi umo katika orodha ya vitu visivyokamatwa. Kifungu cha 48 cha sheria ya 1966 kinaviweka kando nguo za lazima, vyombo vya kupikia, vitanda na matandiko ya mdaiwa, mkewe na watoto wake, pamoja na mapambo ambayo kwa desturi ya dini mwanamke hawezi kutenganishwa nayo. Kinaziweka kando zana za fundi. Na kinaiweka kando nyumba, au sehemu ya nyumba, ambamo mdaiwa anaishi na mkewe na watoto wanaomtegemea. Sufuria, kitanda na cherehani havikuingizwa katika orodha hiyo kwa bahati. Aliyeiandika alitambua kwamba deni halali laweza kulipwa na mtu aliyelala, aliyekula na aliyekwenda kazini, na kwamba familia inayonyang'anywa jiko haimlipi mdai upesi zaidi. Sheria ya asili ya India nayo ilikataza kuingia katika nyumba ya kuishi baada ya jua kuzama na kabla ya kuchomoza.

Katika Dar es Salaam ya baada ya Azimio la Arusha la 1967, wakati benki zilipotaifishwa na Benki ya Taifa ya Biashara ikawa karibu mlango pekee wa mikopo ya biashara, mkazi wa kawaida mara nyingi hakuwa na deni ambalo lingemfikisha mbele ya dalali. Alikuwa na daftari la dukani, ambamo unga, mafuta ya taa na sabuni viliandikwa hadi mwisho wa mwezi, na alikuwa na kodi ya chumba. Migogoro ya namna hiyo iliishia kwa mjumbe wa nyumba kumi, kiongozi wa ngazi ya chini kabisa katika mfumo ulioanzishwa na chama tawala cha TANU katikati ya miaka ya 1960, ambaye aliwakalisha mkopaji na mkopeshaji kwenye mkeka mmoja na kupanga malipo kidogo kidogo. Mwandishi wa kumbukumbu hizi, aliyekulia katika nyumba ya kupanga huko Magomeni, alishuhudia utotoni namna dalali, mara chache alipokuja, alivyofika kwanza kwa mjumbe kabla ya kugusa mlango wa mtu, na namna kila kitu kilichotolewa nje kilivyotajwa kwa sauti na kuandikwa, redio kwa jina lake na kabati kwa idadi ya milango yake. Cherehani ya mpangaji mmoja ilitolewa barazani, ikarudishwa ndani baada ya mjumbe na majirani kusisitiza kwamba ile ndiyo kazi ya mpangaji huyo. Hakuna aliyetaja kifungu cha sheria, wala hapana shaka kwamba wengi wa waliokuwapo hawakujua kwamba kifungu kipo. Hata hivyo kilichotendeka ndicho kilichoandikwa.

Haifai kuipamba enzi hiyo kupita kiasi. Aibu ilikuwa kubwa, watoto walifuata mkokoteni uliobeba vyombo hadi mwisho wa mtaa, na sheria iliruhusu, kama inavyoruhusu mpaka sasa, mdaiwa kufungwa gereza la madai hadi miezi 6 kwa ombi la mdai, ambaye hutakiwa kulipia chakula cha mfungwa wake. Mfungwa wa madai si mhalifu, lakini mtaa haukuwa na subira ya kutofautisha. Walikuwapo pia madalali waliouza mali kwa jamaa zao kwa bei ya kutupa. Hata hivyo dhuluma ya namna hiyo ilikuwa na mahali pa kupelekwa, kwa kuwa dalali alikuwa wakala wa Mahakama na angeweza kuitwa na hakimu aeleze alichofanya.

Mabadiliko ya kwanza makubwa yaliingia na mageuzi ya uchumi. Mwaka 1991 ilitungwa sheria iliyofungua milango kwa benki binafsi, na mwaka huohuo ikaundwa taasisi ya kukusanya mikopo mibaya ya benki za umma, iliyojulikana kwa kifupi cha LART, ambayo iliuza mali za makampuni na watu walioshindwa kulipa. Benki ya Taifa ya Biashara iligawanywa mwaka 1997. Wafanyakazi wengi wa mashirika ya umma walipunguzwa kazini katika miaka hiyo, wakageukia biashara, na biashara ilihitaji mtaji. Kitu pekee chenye thamani ambacho wengi wao walikuwa nacho ni nyumba, basi wakaiweka rehani, yaani wakampa mkopeshaji haki juu ya nyumba mpaka deni litakapokwisha. Hapo ndipo kinga ya kifungu cha 48 ilipowaponyoka bila wao kujua. Kinga ile humlinda mdaiwa dhidi ya hukumu ya mahakama. Haimlindi mtu aliyeitoa nyumba yake kwa saini yake mwenyewe, na mkopeshaji mwenye rehani anaweza, akishatoa notisi inayotakiwa, kuiuza nyumba bila kwanza kufungua shauri lolote.

Jambo hili linastahili kutazamwa kwa makini kuliko linavyotazamwa kwa kawaida, kwa sababu hapo ndipo hakimu alipoanza kutoka katikati ya mdai na mdaiwa. Dalali aliyefika na gari lenye vipaza sauti, akitangaza mtaani jina la mdaiwa na siku ya mnada, alifanana kwa kila hali na yule wa zamani, lakini sasa alitumwa na benki, si na Mahakama. Sheria ya Ardhi ya 1999 ilijaribu kurudisha baadhi ya kinga: ilitaka ridhaa ya mwenzi kabla ya nyumba ya familia kuwekwa rehani, na baada ya marekebisho ya mwaka 2008 mkopaji aliyeshindwa kulipa alipewa notisi ya siku 60. Katika mitaa ya Dar es Salaam sharti la ridhaa ya mwenzi ndilo lililozaa mashauri mengi na machozi mengi, maana wapo wanawake waliopata habari ya rehani siku ile waliposikia nyumba yao ikitajwa kwenye kipaza sauti. Aliyewahi kuwasikiliza hawezi kuliona sharti hilo kama usumbufu wa makaratasi.

Wakati nyumba zikiingia rehani, wasio na nyumba walipata mlango wao. Kuanzia miaka ya 1990 mashirika ya mikopo midogo, yakifuata mfano wa Benki ya Grameen ya Bangladesh, yalianza kukopesha watu waliojipanga katika vikundi, wengi wao wanawake, ambao walidhaminiana wenyewe kwa wenyewe. Udhamini huo maana yake ni kwamba mmoja asipoleta rejesho, yaani malipo ya wiki, wenzake hulazimika kulifidia kabla ya mkutano kufungwa. Mtindo huu uliwafikia mamalishe, wauza mitumba na wauza samaki ambao hakuna benki iliyowatambua, na manufaa yake hayapaswi kukanushwa. Lakini fomu za mkopo zilianza kuomba orodha ya vitu vya nyumbani kuwa dhamana, na mkopaji mwenye haraka ya mtaji aliandika televisheni, friji, kochi, godoro, hata sufuria zake. Hata vile vitu ambavyo sheria ya 1966 ilimkataza dalali kuvigusa vikaandikwa na mwenye navyo kwa mkono wake.

Mwisho wa njia hiyo ni mikopo ambayo wananchi wenyewe wameiita kausha damu, inayotolewa haraka, bila masharti mengi, kwa riba nzito na marejesho ya kila wiki au kila siku. Mwanamke anayeshindwa hukopa kwingine ili alipe pa kwanza, akajikuta na siku tatu au nne za marejesho katika wiki moja. Wanaokuja kutoa godoro lake mara nyingi ni wanakikundi wenzake, majirani aliocheza nao ngoma na kuzika nao, ambao afisa mikopo amewazuia kuondoka mkutanoni mpaka fedha itimie. Hawana amri ya mahakama, hawaandiki orodha, hawasubiri mapambazuko, na hawapiti kwa mjumbe. Kati ya mambo yote yaliyobadilika katika nusu karne hii, hili ndilo zito kuliko mengine, kwa kuwa limewafanya maskini kuwa madalali wa maskini wenzao, na limeharibu ule ujirani ambao zamani uliirudisha cherehani ndani. Serikali ilitunga Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha mwaka 2018, iliyowagawa watoa huduma katika madaraja manne, kuanzia taasisi zinazopokea amana hadi vikundi vya kijamii kama VICOBA, na kuwataka wapate leseni au kusajiliwa. Ni hatua ya lazima, ingawa leseni ya mkopeshaji peke yake haimwambii mkopaji kipi kisichokamatwa.

Simu ilikuja baadaye na kwenda mbio zaidi. Mikopo ya simu iliyoanza nchini mwaka 2014 kwa ushirikiano wa kampuni za simu na benki ilifuatwa na programu za kukopesha ambazo, zinapopakuliwa, huomba kusoma majina na namba zote zilizomo katika simu ya mkopaji. Akichelewa, ujumbe hutumwa kwa mwajiri wake, mkwe wake na mwalimu wa mtoto wake, ukimtaja kuwa tapeli. Tangazo la zamani lililenga kumpa mdaiwa na jamaa zake nafasi ya kujitetea, na lilitolewa baada ya hukumu. Hili la sasa hutolewa kabla ya mtu yeyote kuthibitisha kwamba deni lipo au kwamba hesabu yake ni sahihi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inazuia matumizi ya namna hiyo ya taarifa za watu, na mwezi Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila leseni.

Katika kipindi hichohicho dalali halisi wa mahakama amefungwa kwa kanuni kuliko wakati wowote uliopita. Kanuni za mwaka 2017 zinamtaka awe na cheti cha umahiri kutoka Chuo cha Uongozi wa Mahakama Lushoto, zinapanga ujira wake, na zinaweka utaratibu wa kumwadhibu. Kwa maneno mengine, nchi imemrekebisha yule aliyekuwa na masharti tangu mwanzo, na imechelewa kuwafikia waliochukua nafasi yake.

Msomaji atakayegongewa mlango kwa sababu ya deni ana haki ya kuuliza karatasi kabla ya kufungua. Aombe kuona amri ya mahakama na kitambulisho cha dalali, amwite mwenyekiti wa serikali ya mtaa ashuhudie, adai orodha iliyotiwa saini ya kila kitu kinachotolewa, na ataje waziwazi vitanda, vyombo vya jikoni na zana za kazi kuwa havikamatwi kwa hukumu ya deni. Na ikiwa mali iliyochukuliwa ni ya mtu mwingine, mwenye mali apeleke pingamizi mahakamani mapema kabla haijauzwa. Anayekuja bila amri, awe mwanakikundi au wakala wa programu ya simu, hana mamlaka ya kuingia, na kwake mlango ubaki umefungwa mpaka shauri lisikilizwe.